Vazi Lisilofumwa Wala Kushonwa

Mtoto wa leo akiulizwa nguo hutoka wapi, atajibu upesi: hutoka sokoni. Wazee wetu wasingejibu hivyo. Wao walijua njia tatu za kumvika mtu. Ya kwanza ni ngozi ya mnyama, iliyokaushwa na kulainishwa. Ya pili ni gome la mti, lililopigwapigwa kwa nyundo mpaka likawa pana na laini: ndiyo nguo ya mbugu ya Waganda, ndiyo impuzu ya Wanyarwanda na Warundi, na Wambuti wa msitu wa Ituri waliipiga hivyo na kuipamba kwa michoro mizuri. Ya tatu ni kufuma nyuzi, kama Wakuba wa Kasai walivyofuma rafia.

Iko njia ya nne, ambayo huku kwetu haikujulikana. Ni kulitwaa rundo la manyoya ya kondoo jinsi lilivyokatwa, kulimwagia maji ya moto na sabuni, na kulisugua mpaka likawa nguo. Hakuna uzi, hakuna sindano, hakuna kitanda cha mfumaji. Wenye kusema Kifaransa huita kitu hicho feutre. Sisi katika habari hii tutakiita felti. Huenda kwetu haikujulikana kwa sababu hii: kondoo wetu wengi wana nywele fupi kama za mbuzi, si sufu ndefu.

Mtu ataweza kusema: Basi, kama si kitu chetu, kwa nini mtusimulie? Tunajibu kwamba kwa felti hiyo waliishi watu wengi wa Asia tangu zamani sana. Kwamba wamisionari wa zamani waliokwenda kwa Wamongoli walilala chini yake, wakavikwa nayo. Na kwamba katika habari hiyo limo fundisho linalotuhusu sisi pia. Tuvumiliane kidogo, nasi tutafika huko.

Namna felti inavyofanyika

Tukichukua unyoya mmoja wa kondoo na kuutazama kwa darubini, tutaona ajabu. Umefunikwa kwa magamba madogo sana, yamepangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea upande wa ncha. Manyoya yakipata maji, joto na sabuni, na mkono ukiyasugua, kila unyoya husogea kidogo kuelekea upande wa shina lake, wala hauwezi kurudi nyuma, kwa kuwa magamba yanamzuia kila jirani. Hivyo elfu na elfu huingiliana, hushikana, hubanana. Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Unyoya mmoja wa kondoo ni kitu cha kupeperushwa na pumzi. Lakini wakishikana, mvua haipiti upesi, na upepo wa barafu hushindwa.

Kazi yenyewe yataka subira. Kwanza fundi hufungua manyoya mabichi na kuyachagua. Ya shingo na mabega huwekwa upande. Ya tumbo na ya matako, yaliyojaa mavi na miiba, hutupwa. Kisha huyalowesha katika maji ya moto ili kutoa jasho la kondoo, udongo na mafuta mengi. Hapa wajinga huharibu kila kitu: wakikoroga yale maji kwa haraka, au wakiyahamisha manyoya ghafula kutoka maji ya moto hadi ya baridi, manyoya hushikana kabla ya wakati wake, yakawa madonge. Fundi wa kweli huyazamisha tu na kuyaacha yatulie. Katika kuosha huko uzito hupungua sana. Manyoya laini yenye mafuta mengi huweza kupoteza hata nusu.

Yakisha kukauka, huyachambua kwa vidole, au huyapiga kwa fimbo nyembamba mpaka yawe mepesi kama wingu. Huyatandika juu ya mkeka wa matete, tabaka nyembamba moja kwa urefu, na nyingine juu yake kwa upana, na tena, na tena. Hunyunyiza maji ya moto na sabuni. Mwanzoni hugusa polepole sana, kwa viganja tu. Akiona manyoya yameanza kushikana, huzidisha nguvu. Huvingirisha mkeka pamoja na vilivyomo, huufunga kwa kamba, na kuubiringisha mara mamia, kwa mikono, kwa viwiko, au kwa miguu. Watu wa mbugani waliweza kuufunga nyuma ya farasi akauburuta. Kila mara felti hurudi, yaani hupungua ukubwa, hata theluthi moja au zaidi. Na kadiri inavyorudi, ndivyo inavyopata nguvu.

Kama fundi ataka vazi, hukata kiolezo cha kitu kisichoshikana na sufu, hukiweka katikati, na kutandika manyoya pande zote mbili na kuyakunja ukingoni. Mwishoni hutoa kiolezo, na tazama: ni kofia, au soksi, au kiatu, kisicho na mshono hata mmoja. Twakumbuka kanzu ya Bwana wetu Yezu Kristu, ambayo askari hawakutaka kuipasua. Ile nayo haikuwa na mshono, lakini ilikuwa imefumwa. Vazi la felti halina mshono wala mfumo.

Tusidhani kwamba kondoo wote ni sawa. Sufu ya kondoo wa merino ni laini na hushikana upesi, yafaa kwa shingo na kichwa. Sufu ndefu na ngumu ya karakul hufaa kwa joho la mchungaji na kwa kifuniko cha hema. Na wako kondoo, kama wale wa Suffolk wa Uingereza, ambao sufu yao hukataa karibu kabisa kushikana, hata ukiisugua kutwa. Kwa hiyo kila nchi ilikuwa na kondoo wake na vazi lake: wachungaji wa Uturuki walivaa kepenek, joho gumu la felti ambalo mtu huweza kulala ndani yake kama ndani ya kibanda, Warusi walivaa viatu virefu viitwavyo valenki, Wakirgizi, kofia nyeupe iitwayo kalpak.

Ni nani aliyeigundua?

Mafundi wa kofia wa Ulaya walisimulia kwamba Mtakatifu Klementi, aliyekuwa Papa mwishoni mwa karne ya 1, alipokuwa akitembea safari ndefu alitia manyoya ya kondoo katika viatu vyake ili kupumzisha miguu iliyochubuka. Kwa jasho, joto na kukanyaga, manyoya yakawa felti. Ndiyo maana walimfanya msimamizi wao, na sikukuu yake ni tarehe 23 Novemba. Hadithi hii ni nzuri, lakini ni hadithi. Felti ni ya zamani kuliko Klementi.

Katika milima ya Altai, kusini mwa Siberia, mahali paitwapo Pazyryk, wataalamu wa Urusi walifukua makaburi ya wakubwa wa kabila la wapanda farasi, mwaka 1929, na tena kati ya 1947 na 1949. Makaburi yale yalikuwa na miaka zaidi ya 2200. Maji yaliingia humo yakawa barafu, na barafu ikahifadhi vitu ambavyo kwa kawaida huoza: soksi za felti, matandiko ya farasi, pazia kubwa la felti lililopambwa kwa picha za watu, na hata ndege wa felti waliojazwa ndani. Leo vyatunzwa katika jumba la Hermitage, mjini Saint Petersburg. Aliyeviona hawezi tena kusema kwamba felti ni kazi ya watu wasio na akili. Mikono ile ilijua kazi.

Ndugu Wadogo katika nchi ya mahema ya felti

Mwaka 1206 Chinggis Khan aliyaunganisha makabila ya Wamongoli. Katika kitabu chao cha zamani wanajiita watu wa mahema yenye kuta za felti. Miaka 35 baadaye, mwaka 1241, majeshi yao yalishinda katika Polandi na Hungaria, na Ulaya yote ilitetemeka. Papa Inosenti IV, aliyekuwa amekimbilia Lyon, aliona haifai kungoja tu. Akamtuma Ndugu Giovanni da Pian del Carpine, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mtu mnene, mwenye umri wa miaka zaidi ya 60. Aliondoka Lyon siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1245.

Tumfikirie mzee huyo. Kutoka mto Volga hadi kambi ya Khan alikwenda juu ya farasi zaidi ya miezi 3, akibadilisha farasi mara kadhaa kwa siku moja. Chakula kilikuwa nafaka ndogo iliyochemshwa kwa maji na chumvi. Kinywaji kilikuwa theluji iliyoyeyushwa katika sufuria. Tarehe 22 Julai 1246 walifika, na mwezi wa Agosti waliona Khan mpya, Güyük, akitawazwa. Ilikuwa desturi ya Wamongoli kumketisha mtawala mpya juu ya kipande cha felti, na wakubwa kumwinua juu pamoja nacho.

Ndugu Giovanni aliandika vizuri yale aliyoyaona. Anaeleza mahema ya duara, yaliyojengwa kwa fito nyembamba na kufunikwa kwa felti, milango nayo ya felti, na tundu juu kwa kupitisha moshi. Anaeleza pia kwamba pande mbili za mlango ziliwekwa sanamu za felti zenye umbo la mtu, nao walidhani sanamu hizo hulinda makundi ya mifugo na kuleta maziwa na ndama. Bila shaka jambo hilo lilimsikitisha. Lakini anaeleza pia kwamba mbele ya hema kubwa la Khan palikuwa na kanisa dogo, na Wakristu wa huko waliimba humo hadharani.

Tusimame hapa kidogo. Felti ile ile, iliyotoka mgongoni mwa kondoo wale wale, ilikuwa nyumba ya maskini, na kiti cha mfalme, na sanamu ya mpagani. Kosa lilikuwa katika sufu? La hasha. Sufu haikutenda dhambi yoyote. Ndugu Giovanni alikataa ibada ya sanamu, naye alifanya vema. Lakini hakuikataa felti, maana naye alilala chini yake.

Papa alijibiwa kwa ukali. Barua ya Güyük ilimtaka aje mwenyewe kutoa utii. Barua hiyo ipo hata leo katika hifadhi ya Vatikano. Ndugu Giovanni alirudi Lyon mwezi wa Novemba 1247, amechoka, lakini akiwa na kitabu chake.

Miguu ya Ndugu Guillaume

Wa pili tutakayemtaja ni Ndugu Guillaume de Rubrouck, Mfransisko wa Flandria. Aliondoka Konstantinopoli mwezi wa Mei 1253, akiwa na barua ya mfalme Ludoviko IX wa Ufaransa. Huyu alikuwa na macho makali kuliko wote. Alipima kwa mguu wake nafasi iliyoko kati ya alama za magurudumu ya gari moja la kuchukua hema, akakuta miguu 20. Akahesabu ng'ombe 22 waliolikokota. Aliona kwamba Wamongoli huipaka felti chokaa, au udongo mweupe, au unga wa mifupa, ili ing'ae. Na kwamba mlangoni hutundika felti iliyoshonewa picha za mizabibu, miti, ndege na wanyama. Aliandika pia kwamba wanawake ndio wafanyao felti na kufunika nyumba, na kwamba kwa felti hiyo watu hujipatia matandiko, na vifuniko vya masanduku, na majoho ya mvua. Wanahistoria wengi wa zamani waliwasahau wanawake, yeye hakuwasahau.

Sasa tuje kwenye miguu yake. Ndugu Wadogo wa wakati ule walitembea peku kwa ajili ya ufukara mtakatifu. Katikati ya mwezi wa Septemba 1253, alipokuwa karibu kuondoka kambi ya Batu kwenda mashariki, kiongozi aliyepewa alimwonya: baridi ya huko hupasua mawe na miti. Kabla ya safari, Wamongoli wakawaletea yeye na mwenzake, Ndugu Bartolomeo wa Cremona, mavazi: joho na suruali za ngozi ya kondoo, kofia za ngozi, viatu vya kienyeji, na soksi za felti.

Basi fikirini, wasomaji. Mtu huyu alikuja kuwafundisha wapagani. Aliwaona ni watu wagumu, wenye kiburi, wenye kuombaomba. Maneno yake juu yao ni makali mara nyingi. Na sasa uhai wake wategemea soksi iliyosuguliwa na mwanamke wa Kimongoli ambaye hata jina lake hatulijui. Pasipo soksi ile, Ulaya isingekipata kitabu chake, kwa maana asingefika.

Alipofika kambini kwa Möngke Khan mwishoni mwa Desemba, Ndugu Guillaume alitaka kuonekana mbele ya wakubwa kama Mfransisko wa kweli. Akavua viatu, akaenda peku juu ya ardhi ya barafu. Watu wakakusanyika kuwatazama kama vioja, wakauliza kama hawana haja na miguu yao, maana waliona wataipoteza upesi. Kijana mmoja wa Hungaria, aliyekuwa mtumishi huko, aliitambua kanuni ya Ndugu Wadogo, akawaeleza wengine. Lakini baridi haikujali kanuni. Ncha za vidole vyake viliganda, naye anakiri wazi kwamba tangu hapo hakuweza tena kwenda peku.

Twapenda sana ukweli wa mtu huyu. Angeweza kuficha jambo hilo. Lakini alijifunza, kwa maumivu ya vidole vyake mwenyewe, kwamba ufukara wa Injili haumo katika ngozi tupu ya mguu, na kwamba kupokea vazi kwa mkono wa mgeni kwaweza kuwa unyenyekevu mkubwa kuliko kulikataa. Mt. Fransisko aliwaachia wanawe ufukara wa moyo. Barafu ya Asia iliufafanua.

Ndugu Guillaume aliongea na Khan, na mkesha wa Pentekoste 1254 akashindana kwa hoja na Waislamu na Wabudha mbele ya waamuzi. Mwisho anahesabu waliobatizwa: watu 6 tu. Ndugu Bartolomeo alibaki Karakorum, kwa kuwa mwili wake haukuweza tena safari. Ndugu Guillaume alirudi Tripoli ya Siria mwezi wa Agosti 1255. Watu 6! Wenye kuhesabu watasema ni hasara. Sisi makatekista, ambao mara nyingine twafundisha mwaka mzima na kumpeleka kisimani mmoja au wawili, hatuthubutu kucheka.

Kofia nyekundu na mikono yenye kutetemeka

Katika Ulaya nako felti ilikuwa na kazi, hasa kwa kofia. Mahujaji walivaa kofia pana za felti kujikinga na jua na mvua, na mapadri wa Roma walivaa nyeusi. Katika Mtaguso wa Lyon, mwaka ule ule wa 1245, Papa Inosenti IV aliwapa makardinali kofia nyekundu pana, ili wakumbuke kuwa tayari kumwaga damu kwa ajili ya Kanisa. Kardinali akifa, kofia yake ilitundikwa juu ya kaburi mpaka ikaoza, iwe fundisho kwamba utukufu wa dunia hupita. Desturi hiyo ya kutoa kofia ilidumu miaka zaidi ya 700. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Laurean Rugambwa wa Tanganyika kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mweusi wa nyakati zetu, na kofia ile ilikuwa bado ikitolewa. Mwaka 1969 Papa Paulo VI aliiondoa; na Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyeitwa mwaka huo huo, hakupewa tena.

Lakini nyuma ya kofia nzuri palikuwa na machozi. Sufu ya kondoo hushikana yenyewe kwa maji na sabuni. Manyoya ya sungura, yaliyotakiwa kwa kofia za matajiri, hayashikani kwa urahisi. Kwa hiyo viwanda viliyapaka dawa ya zebaki. Kwa Kifaransa kazi hiyo iliitwa secrétage. Dawa ilisaidia manyoya na kuwaua watu polepole. Mvuke wa zebaki uliwaingia mafundi: mikono ilianza kutetemeka, ufizi ukavimba, akili ikavurugika, mtu mpole akawa mwenye hasira au mwenye kujificha watu. Jambo hili lilijulikana muda mrefu, hata Waingereza wakawa na msemo wa kumfananisha mtu mwenye kichaa na mtengeneza kofia. Walitania, hawakuponya. Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891 kutetea haki za wafanyakazi, mikono hiyo ilikuwa ikitetemeka. Katika Marekani zebaki iliachwa katika viwanda vya kofia mwezi wa Desemba 1941 tu.

Twaliandika hili si kwa kulaumu kofia. Twaliandika ili tujue kwamba vazi lina mtu nyuma yake. Mwanamke wa mbugani aliyesugua soksi ya Ndugu Guillaume alichoka viwiko, lakini jioni alikaa na watoto wake akiwa mzima. Fundi wa kofia ya tajiri hakupata neema hiyo.

Kondoo wanapopotea

Katika karne ya 20 jambo lingine liliipata felti. Wakirgizi na majirani wao, wakiwa chini ya utawala wa Kisovieti, waliwekwa katika mashamba ya ujima. Viwanda vilitaka sufu laini ya kusokotwa, kwa hiyo kondoo wa kienyeji, wenye mkia wa mafuta na sufu ngumu, walipandishwa kwa madume wa sufu laini. Utawala ule ulipokwisha, mwaka 1991, mashamba yakavunjika, na kwa miaka michache zaidi ya nusu ya kondoo wa nchi wakatoweka: waliuzwa, wakachinjwa, wakaliwa. Wanawake waliojua kufanya shyrdak, zulia la felti lenye maua na pembe, wakabaki na ujuzi mikononi, lakini sufu ifaayo ikawa haba. Mwaka 2012 UNESCO iliandika shyrdak katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, ikieleza sababu: vijana hawataki kujifunza, mazulia ya viwanda ni rahisi, na sufu njema haipatikani. Mwaka 2019 kofia nyeupe ya kalpak nayo iliandikwa katika orodha ya urithi wa watu.

Katika Ulaya pia makabila ya kondoo yamepungua. Nchini Uingereza chama cha kuokoa mifugo adimu, Rare Breeds Survival Trust, kilianzishwa mwaka 1973, baada ya aina nyingi za mifugo ya nchi kupotea kabisa. Leo katika nchi nyingi za Ulaya bei ya sufu mbichi haitoshi hata kumlipa mkataji, na wafugaji wengine huitupa au kuichoma. Lakini wako watu, hasa wanawake, wanaowafuata wafugaji hao wadogo, wakanunua manyoya mabichi ya kondoo adimu, wakayaosha na kuyasugua kwa mikono yao kuwa kofia, skafu na viatu. Mfugaji akipata kitu kidogo kwa sufu yake, hana haraka ya kumchinja kondoo wa mwisho. Hivyo vazi humlinda kondoo, kama kondoo alivyomlinda mtu.

Nasi je?

Tulisema kwamba limo fundisho letu. Tulipokuwa tungali wanafunzi, siku moja tulimkuta mzee mmoja nyuma ya nyumba yake akipiga gome la mti. Tulikuwa vijana, tumevaa kaptula nyeupe, na akili imejaa vitabu. Tukamcheka, tukamwambia mambo hayo ni ya wapagani, nguo ziko sokoni. Yeye alitutazama tu, akaendelea kupiga. Miaka ilipita, tukawa makatekista, tukaitwa kuongoza sala za maziko yake. Siku hiyo tuliuliza habari za nyundo yake. Wajukuu walisema walikwisha kuitia motoni, wakapikia. Hakuna aliyejua ni mti gani aliouchagua, wala gome hutolewa mwezi gani ili mti usife.

Hatukuweza kuwalaumu wajukuu. Walijifunza kicheko chetu.

Kama tungalikuwa tumesoma mapema habari ya Ndugu Giovanni, tungalijua kutenga sanamu na sufu. Kama tungalimsoma Ndugu Guillaume, tungalijua kwamba mtu wa Injili aweza kuvikwa na wale anaowafundisha, bila aibu. Mtaguso wa Vatikano II (1962–1965) ulitufundisha kuheshimu mema yaliyomo katika desturi za mataifa, na mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya majimbo yetu ya Zaire, yenye ngoma na maombi ya mababu. Kanisa lilikwisha kujifunza. Sisi wengine tulichelewa.

Basi, ndugu wasomaji, katika kila kijiji chetu bado yuko mzee mmoja au mama mmoja mwenye ujuzi wa mikono: kupiga gome, kusuka mkeka, kufinyanga chungu, kutia rangi rafia. Mwendeeni kabla ya msiba wake. Ketini chini, mwulizeni jina la mti na majira yake, na kwa nini hupiga hapa polepole na pale kwa nguvu. Andikeni katika daftari. Na mkiweza, shikeni nyundo, mjaribu wenyewe, ili mjue uzito wake mkononi.

Mungu, aliyeupa unyoya wa kondoo magamba ambayo jicho haliyaoni, hakuumba kitu bure. Mzee wetu yule alilijua jambo hilo kuliko sisi, naye hakuhitaji darubini. Mungu amlaze mahali pema, na atusamehe kicheko chetu.